Mashua Isiyokuwa na Mtu

Baba yangu alikuwa mpiga mizinga. Wenzake wa rika lake waliotoka Unguja walipofika Oman waliingia wizarani, bandarini na kwenye mabenki, kwa kuwa walijua Kiingereza na kupiga chapa. Yeye aliingia jeshini, upande wa majini, akapewa mzinga wa mbele, kwenye omo ya meli ya doria, akakaa nao mpaka alipostaafu. Sikio lake la kulia liliharibika huko. Ukitaka akusikie unakaa upande wa kushoto, na unazungumza Kiswahili, maana Kiarabu akikisikia nusu hujibu jambo jingine kabisa na watu wakabaki kutazamana.

Nyumba yetu iko Ibra, si mbali na soko la wanawake. Kwenye majlisi baba ametundika picha za manowari za kale, zile za mwanzo kuvishwa chuma: meli nyeusi, fupi, hazina uzuri wowote, na moja inafanana na sufuria iliyofunikwa ikaachwa ielee. Aliyemfundisha kazi ya mizinga ndiye aliyemtia mapenzi hayo, na mgeni yeyote anayekuja kunywa kahawa lazima asimuliwe.

"Zamani manowari zilikuwa za mbao," baba huanza. "Kombora likiingia ubavu huu linatokea ubavu wa pili, na katikati limeshachukua watu. Wakatokea watu wakazivisha mabamba ya chuma. Zikakutana mbili za namna hiyo, zikapigana tangu asubuhi, makombora yanadunda tu na kuanguka baharini. Siku ile manowari zote za mbao duniani ziligeuka kuni."

"Kisha?" mgeni huuliza kwa adabu.

"Kisha wakatengeneza mzinga mkubwa zaidi. Mwenye meli naye akaongeza unene wa bamba. Mwenye mzinga naye akaongeza mzinga. Mpaka meli zikawa nzito, zinakwenda kama mja mzito wa mwezi wa tisa."

"Kisha?"

"Kisha wakaanza kupiga kwa chini, majini, ambako bamba halifiki." Sehemu hiyo hakuipenda. Aliipita haraka, akasukuma sinia la halwa mbele ya mgeni.

Alitaka na mimi niingie jeshini. Nilisomea mashine za meli, lakini nikaajiriwa kwenye meli za mizigo, kwa sababu mshahara ulikuwa mzuri zaidi na sikupenda kupigiwa saluti. Baba hakuniudhi kwa hilo, ila meli zangu zote aliziita debe. Nikirudi likizo huniuliza, "Haya, debe lako limekwenda wapi safari hii?" Nami humtajia bandari, naye hutikisa kichwa kama mtu anayemsikiliza mtoto wake dereva wa teksi.

Meli ya mwisho niliyofanyia kazi nilikuwa injinia wa pili. Injinia wa tatu alikuwa mtu wa Sur, mdogo kwangu kwa miaka kumi na kitu, ana mke na mtoto mmoja. Mama yake alizaliwa Pemba. Kati ya Wafilipino na Wahindi na nahodha wa Ulaya ya Mashariki, sisi wawili tulikuwa na lugha yetu kule chini kwenye mashine, na tuliitumia sana, hasa kwa kusengenya. Kiswahili chake kilikuwa kile cha vijana waliozaliwa Oman. Alisema "meza hiki", alisema "mafuta imekwisha". Nikimsahihisha hucheka na kusema, "Kaka, wewe na mama yangu mtaanzisha skuli." Aliniita kaka, ingawa nadhani kwa moyo wake nilikuwa karibu zaidi na ami.

Alikuwa fundi mzuri. Alisikiliza mashine kwa kutia bisibisi sikioni, ncha yake kwenye chuma, kama walivyofanya wazee, na vipimo vyote vya kisasa viko mbele yake.

Tulikuwa Bahari ya Sham, tumebeba mbolea, tunakwenda kusini. Siku zile kila meli iliyopita kule ilijua inapita wapi. Tulikuwa na walinzi wa kukodi wenye bunduki, na pembeni mwa sitaha tumezungushiwa seng'enge. Nani alikuwa akizipiga meli, na kwa ajili ya nini, redio zote zilisema na kila mtu alikuwa na maneno yake. Mimi kazi yangu ilikuwa chini ya mstari wa maji, na kule chini mambo hayo yalifika yamechoka.

Ilikuwa asubuhi, tumeshakunywa chai. Mimi nilikuwa katika chumba cha kuongozea mashine, nyuma ya kioo. Mwenzangu alishuka sakafu ya chini kabisa kutazama pampu iliyokuwa ikivuja tangu jana yake. Simu ya kutoka juu ikalia. Nahodha akasema kuna mashua inakuja kwa nyuma, upande wa tezi, haijibu redio, walinzi wataifyatulia. Akasema tukae tayari. Nikachukua kipaza sauti nikamwita mwenzangu apande. Nilimwona kupitia kioo akinyanyua mkono, ananijibu kuwa amesikia.

Nilisikia bunduki za juu, kwa mbali, kama mtu anayegonga bomba. Kisha meli yote ikasukumwa upande. Siwezi kusema nilisikia mlio. Nilikuta nimekaa sakafuni, kioo kimenimwagikia mapajani, taa zimezimika, zimebaki zile ndogo nyekundu za dharura. Mashine kubwa ilikuwa ikizima polepole, na chini yake kulikuwa na sauti nyingine, ya maji mengi.

Nilikwenda kwenye ngazi. Alikuwa chini, amesimama maji yanamfika magotini, uso mweusi kwa mafuta. Alinitazama akasema, "Kaka, maji inaingia!"

Nami nikamjibu, "Yanaingia."

Ulimi ulijisemea wenyewe, kwa mazoea. Akatabasamu kidogo, nina hakika alitabasamu. Akaonesha kwa kichwa upande wa valvu kubwa, ile ya dharura ya kuvuta maji yaliyoingia melini, akageuka kwenda kuifungua, kwa kuwa alikuwa karibu nayo na ndiyo kazi ya aliye karibu. Mimi nikapanda kuwasha pampu ya juu. Pampu iliwaka. Nilisikia ikivuta, maana yake valvu ilifunguliwa. Kisha bamba la ubavu lililokwishapasuka likafunguka lote, na maji yakaja kwa namna ambayo hakuna pampu ya kuyavuta.

Nilirudi na injinia mkuu. Ngazi haikuwepo tena, ilikuwa chini ya maji, na juu ya maji mafuta mazito yametulia. Tulimwita. Tulimulika kwa tochi. Injinia mkuu, mzee wa Kihindi ambaye sikuwahi kumwona akimgusa mtu, alinishika mkono akanivuta mpaka nje kwenye jua.

Kwenye boti ya kuokolea nilikaa karibu na mlinzi mmoja, mtu mnene, bunduki bado iko magotini pake. Alikuwa akisema peke yake. "Niliipiga. Risasi zinaingia, naziona zinaingia. Lakini haikukata kona. Haikuwa na mtu wa kuogopa."

Nilimuuliza ana maana gani.

"Hapakuwa na mtu ndani yake," alisema. "Kiti hakina mtu. Usukani unazunguka wenyewe."

Manowari ya nchi moja ya mbali ilikuja kutuchukua. Nilipanda ngazi yake ya kamba huku nikijiambia kuwa baba atataka kujua ilivyo. Ilikuwa na rangi ya kijivu, imekaa kama kabati lililolazwa, na mzinga wake ulikuwa mmoja tu, mdogo. Nikiwa nimeegemea ukuta wa ndani niligonga kwa kifundo cha kidole. Ulilia kama kopo la biskuti. Baharia aliyeniletea chai aliniona.

"Ni nyembamba," nilimwambia kwa Kiingereza.

"Nyembamba sana," alisema. "Hii haitegemei unene. Inategemea kuona kabla ya kuonwa." Kisha akaniuliza kama nataka sukari.

Meli yetu ilizama na mwenzangu yumo ndani yake. Hakuna aliyetaka kusema hivyo waziwazi, kwa hivyo nasema mimi.

Nilirudi Ibra. Watu walijaa, walichinja mbuzi, mama alinifukiza ubani chumba kizima mpaka macho yakaniuma. Kila mtu alilia isipokuwa mimi. Nilikula nilichopewa. Nilijibu nilichoulizwa. Binti yangu alinisomea sura aliyohifadhi skuli nilipokuwa safarini, nikamwambia mashallah, na baada yake nilijaribu kukumbuka ni sura ipi, nisiweze. Nililala vizuri, jambo lililomtia mke wangu wasiwasi kuliko kama nisingelala.

"Unanitazama kama picha ya pasipoti," aliniambia siku moja tukiwa jikoni, anakata vitunguu. "Hasira huna, furaha huna. Nigombeze basi. Sema chakula kina chumvi."

"Hakina chumvi," nilimwambia. Na kweli hakikuwa nayo. Alikuwa ameacha kuitia makusudi, kunijaribu, nami nilikuwa nimekula sahani nzima.

Mama alitaka nisomewe na shehe. Nilisomewa. Daktari wa Nizwa alinipa vidonge na kusema hisia zitarudi kidogo kidogo, nisizifukuze, nisizivute. Nilimwambia vyema. Nilikuwa nikimwambia kila mtu vyema.

Baba peke yake hakuwa na subira nami, au alikuwa na subira ya namna yake. Kila asubuhi baada ya kahawa aliuliza swali lile lile.

"Lile bamba la ubavuni lilikuwa na unene gani?"

Nilimwonesha kwa vidole. Hata unene wa kidole gumba cha mtu mzima halikufika.

"Debe," alisema, na safari hii hakuwa akifanya mzaha. Alitoa kalamu akaanza kuchora nyuma ya kalenda ya duka la dawa. "Hapa, kwenye mstari wa maji, mngeweka mkanda. Bamba mara tatu ya hili, kutoka hapa mpaka hapa. Nyuma yake mbao ngumu. Mashine zinakuwa ndani ya sanduku."

"Baba, meli ingekuwa nzito, isingebeba shehena."

"Ingebeba watu."

"Wangeleta mashua mbili. Zote hazina mtu. Bei yake ni rahisi kuliko bamba lako."

Aliweka kalamu chini. Aliniangalia kwa muda, akiwa ameelekeza lile sikio zima kwangu, kana kwamba nimesema jambo lisilosikika sawasawa. Kisha akawasha televisheni kwa sauti kubwa.

Kampuni ilinipigia simu. Mtu wa ofisini, mpole, alisema wana nafasi kwenye meli nyingine, njia ile ile, na malipo yameongezwa. Alisema usalama umeimarishwa. Nilimuuliza umeimarishwa vipi. Akasema chumba cha mashine kimezungushiwa magunia ya mchanga. Simu ilikuwa imefunguliwa sauti na baba alikuwa kulia kwangu, sikio lake zima kwenye simu.

"Magunia ya mchanga," baba alirudia, baada ya simu kukatika. "Watu wametoka kwenye mbao wakafika kwenye chuma, sasa wako kwenye magunia." Akacheka, lakini alipomaliza kucheka uso wake ulikuwa mbaya.

Kitu ambacho sikukifanya ni kwenda Sur. Tangu niliporudi nilikuwa nikisema nitakwenda wiki ijayo kumpa mkono wa taazia mama yake mwenzangu. Aza, yaani matanga yake, ilifanyika mimi nikiwa bado mikononi mwa kampuni na madaktari wao. Walimsalia sala ya maiti asiyekuwepo. Nilimtumia mama yake salamu kwa simu. Yeye alimjibu mke wangu kwa sauti iliyorekodiwa, Kiswahili cha Pemba kilichonyooka: "Mwambieni nashukuru. Mwambieni akipata nguvu aje nimwone." Mke wangu aliniwekea ile sauti masikioni mara kadhaa. Nilisema vyema.

Ijumaa moja baada ya sala baba aliingia chumbani kwetu bila kubisha hodi, amevaa kanzu safi na kilemba.

"Simama twende Sur," alisema.

"Leo, baba?"

"Gari ina mafuta. Nimeshatazama."

Tulikwenda. Njia ya Ibra mpaka Sur naijua tangu utotoni: Bidiya na mchanga wake upande wa kulia, kisha Al Kamil, kisha milima inayotelemka mpaka unasikia chumvi. Gari letu usukani uko kushoto, na abiria anakaa na sikio lake la kushoto kwa dereva, kwa hivyo garini ndiko baba anakosikia vizuri kuliko popote. Hata hivyo baba alitazama nje tu mpaka tulipovuka daraja la kwenda ng'ambo, ambako ndiko nyumba ilikokuwa.

Mama yake mwenzangu alitufungulia mwenyewe. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani, amejifunga buibui la kizamani.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Sabalkheri mzee wangu." Ilikuwa jioni, lakini aliisema hivyo na hakuna aliyemsahihisha.

Tulikaa. Mke wa marehemu alikuwa edani, akikaa ndani kwa kufiwa na mume, hakutoka. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi na pazia limeshushwa, na tulijua anasikiliza kwa sababu mara moja tulimsikia akimnyamazisha mtoto. Tulisoma Fatiha. Tukaletewa kahawa na tende, na mkate wa kumimina ambao bado ulikuwa moto. Baba alisema maneno yanayosemwa, akayasema vizuri. Kisha yule mama akaniangalia mimi.

"Walikuwa wangapi?" aliuliza.

"Akina nani, mama?"

"Kwenye hiyo mashua."

"Hapakuwa na mtu, mama."

"Walijitosa kabla haijafika?"

"Hapana. Ilikuja peke yake. Inaongozwa kwa mitambo kutoka mbali."

Alifikiri. "Basi huko mbali alikuwepo mtu."

"Alikuwepo."

"Alimwona mwanangu?"

"Hakumwona. Aliona meli tu, kwenye kioo. Pengine aliiona ndogo, hivi." Nikamwonesha kiganja changu, sijui kwa nini nilimwonesha, na yeye akakitazama kiganja changu kwa makini kana kwamba meli imo.

"Kwa hivyo hajui kama amekufa mtu anaitwa mwanangu."

"Hajui."

"Na mimi simjui yeye." Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Wallahi, mwanangu, nimekaa hapa na dua yangu. Nikisema nimuombee mabaya, sina uso wa kumuombea. Nikisema nisamehe, sina wa kumsamehe. Watu wa zamani walipigana, lakini angalau waliona nani kawaua."

Alimgeukia baba alipoyasema hayo, kwa sababu alikuwa amesikia kuwa ni askari wa majini. Nilijua baba atasema nini. Maisha yangu yote nimemsikia akisema vita vya wakati wake vilikuwa vya wanaume kwa wanaume.

"Mimi nilikuwa mpiga mizinga, bibi," baba alisema.

"Ulikuwa ukiwaona?"

Nilidhani hakusikia, nikataka kumrudia swali.

"Nilikuwa nikipewa namba," alisema. "Napandisha mzinga, nauzungusha, napiga. Huko mbele kuna kilima. Nikibahatika naona moshi. Wakati mwingine hata moshi sikuuona. Tukiambiwa vizuri sana, tunakwenda kula." Akaizungusha finjani yake. "Sikuwahi kumwona mtu, bibi. Hata mmoja."

Hakuna siku aliyotueleza hivyo, si mimi wala mama yangu. Yule mama alimwitikia kwa kichwa. Hakumlaumu na hakumfariji. Alimmiminia kahawa nyingine.

Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya kike, kwa Kiarabu cha Sur, ikaniuliza mumewe alisema nini mwisho.

Nilikuwa nimelitarajia swali hilo tangu Ibra, na njiani nilikuwa nimeshajitengenezea majibu ya kumpa, ya shahada, ya salamu kwa mkewe. Yalikuwa mepesi kusemwa. Nilifungua mdomo nikasema lililokuwa.

"Alisema, kaka, maji inaingia. Nikamwambia, yanaingia. Akatabasamu, akaenda kufungua valvu. Akaifungua."

Mama yake alinitazama. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, nami nikakaa nikisubiri. Alikuwa akicheka. Alicheka mpaka akashika mdomo kwa mtandio.

"Inaingia!" alisema. "Tangu yuko mdogo hivi namwambia, mwanangu, maji yana, maji yana, sema yana. Hakushika. Baba yake akisema mwache, utamfunga ulimi. Kumbe na wewe!"

"Na mimi, mama."

"Ulimsahihisha?"

"Nilimsahihisha."

"Mpaka siku ile?"

"Mpaka siku ile."

Aliwafasiria waliokuwa nyuma ya pazia kwa Kiarabu, lakini mzaha ule haufasiriki, na nilisikia mke wake akiuliza tena na tena, kisha akinyamaza, kisha akilia kwa sauti ya chini. Mama akaacha kucheka. Akanyanyuka akaingia ndani kwake, na sisi tukabaki na mkate.

Nilimtazama baba. Alikuwa akilia, machozi yanashuka kwenye ndevu bila kuyafuta. Mimi nilijaribu. Nilifikiri juu ya mafuta yaliyotulia juu ya maji, na juu ya mkono wa mwenzangu ulionyanyuka nyuma ya kioo. Niliyaona yote bila kukosa kitu, kama mtu anayesomewa habari ya mji asioujua. Nikakata kipande cha mkate nikala.

Yule mama alipotoka alitupatia mkate uliobaki, umefungwa kitambaa, tule njiani. Aliniwekea mkono kichwani mlangoni, mbele ya majirani, mtu mzima wa makamo yangu.

"Utakuwa ukinipigia simu," alisema. Hakuwa akiuliza. "Hapa mtaani wazee wangu wa Kiswahili wamekwisha. Watoto wanajibu kwa Kiarabu. Nipigie tuzungumze hata kama huna la kusema."

"Nitapiga, mama."

Njiani kurudi, baba alizungumza mara moja tu, tulipopita Al Kamil. "Usirudi kwenye meli," alisema. Miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia nifanye nini kuhusu kazi isipokuwa siku ile ya kunitaka niingie jeshini.

"Sitarudi," nilimwambia. Sikuwa nimeamua kabla ya hapo. Nilipokwisha kulisema sikuona tofauti yoyote, ila nilikuta nimepunguza mwendo, na lori lililokuwa nyuma likatupita likipiga honi.

Kaka yake mke wangu ana karakana Firq, kwenye eneo la viwanda nje kidogo ya Nizwa. Wanatengeneza matangi ya maji, mageti, na mabodi ya malori. Alinipa kazi ya kusimamia wachomeleaji, Wabangali na Wapakistani, watu wazuri wasiouliza mengi. Tulipanga nyumba Nizwa, na binti yangu akahamia skuli ya huko. Ijumaa tunakwenda Ibra kwa baba na mama. Bamba la tangi na bamba la meli ukiyapiga nyundo yanalia sauti zinazokaribiana, lakini tangi maji yake yako ndani, na hilo lilinitosha.

Simu ya Sur nilipiga kama nilivyoahidi. Mara nyingi hatukuwa na habari. Ananiuliza nimekula nini, namwambia, ananiambia kilivyopaswa kupikwa. Mara moja aliniambia mjukuu wake ameanza kusema Kiswahili na anakikosea kama baba yake. "Namwacha," alisema. Nilimwambia anafanya vyema. Niliposema hivyo nilijua ndilo lile neno langu la siku zote, lakini yeye alilipokea kama jibu.

Mchana mmoja, wakati wa joto, mchomeleaji aliangusha bamba zima la chuma kutoka kwenye winchi. Lilipiga sakafu ya saruji nyuma yangu. Nilipojitambua nilikuwa chini ya meza ya kazi, nimejikunja, mikono imefunika kichwa. Wafanyakazi walicheka kwanza, kama watu wanavyocheka mtu akiteleza, kisha wakaona uso wangu wakaacha. Shemeji yangu akatoka ofisini kwake, akawaambia, "Yallah, nendeni mkanywe chai, nyote." Wakatoka.

Alikuja akachutama mbele ya meza. Hakunivuta. "Kuna kitu kimekuumiza?"

"Hapana."

Nilitoka nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Meno yakaanza kugongana, nami siwezi kuyazuia hata nikiyauma kwa nguvu zangu zote. Nilikuwa naogopa. Tangu ile asubuhi ya Bahari ya Sham sikuwa nimeogopa hata kidogo, si pale kwenye boti, si kwenye manowari, na sasa niko Firq, mbali na maji yoyote, naogopa. Jasho lilinitoka na mgongo ukaingia baridi.

"Nahisi baridi," nilimwambia shemeji.

Nje lami ilikuwa ikiyeyuka. Hakuniuliza baridi gani. Alisimama, akaenda ukutani, akazima feni.